Picha ya Kati kwenye Bango la Muhogo

Mama Naserian alianguka mwiko ukiwa mkononi. Mimi nilikuwa natapika kando ya zizi lake, miguu imekufa ganzi, na bango langu la muhogo liko ukutani pake. Hakuamka. Ilikuwa Mikumi, wakati wa vita vya Kagera.

Kazi ya mabango ya kilimo niliianzia Kilosa, na elimu yangu ya darasa la nne. Siku ya kwanza Mzee Athumani, fundi mkuu wa mabango, aliniambia nichore jembe. Nikachora.

"Hilo koleo, baba. Rudia."

Alinifundisha kubana kitambaa cha hariri kwenye fremu, kuziba pasipotakiwa rangi, kisha kuivuta rangi kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Kila rangi na fremu yake. "Mchoree asiyesoma," alisema, "huyo hufuata picha kama njia." Mungu amrehemu. Wanangu wamesoma kwa ufundi wake.

Vita vilipokuja, mahindi yakaenda kwa askari, wafugaji nao wakahimizwa kupanda muhogo. Mkulima wa Lumuma anajua tangu utoto kuwa muhogo mchungu usipolowekwa ni sumu. Mtu wa maziwa atajulia wapi? Nikachora picha tatu: kung'oa, kuloweka na kuanika, kupika. Afisa Kampeni, Bwana Sekwao, akagusa ya kati.

"Toa hii. Weka askari."

"Bwana mkubwa, utaua watu," Mzee Athumani akamwambia.

"Nani hajui kupika muhogo? Wewe paka rangi, Athumani. Siasa niachie mimi."

Akashika brashi, akaiziba picha ya kati kwenye fremu mwenyewe.

Mabango yakatangulia. Nikafuata kwa baiskeli, boma kwa boma, nikieleza kwa mdomo kilichofutwa. Kwa Mama Naserian nilikuta chakula kimeiva, na pale mgeni hasemi lililomleta kabla hajala. Ulikuwa muhogo; nikadhani ni ule mtamu, wa kununua Dumila, nikala.

Binti yake, Naserian, ndiye aliyenipakia juu ya punda akanifikisha zahanati, mama yake hajazikwa. Shukrani ya jambo hilo sijui niipime kwa kipimo gani. Mpaka leo, nimestaafu, ananiletea maziwa na kuniita kaka.

Sekwao naye yu hai, Dumila, anawaambia watu wafugaji walikufa kwa pupa yao. Bwana Sekwao, Naserian hajahama. Panda basi uje Mikumi, ukae mbele yake, umwambie kwa kinywa chako ni nani aliyeshika ile brashi.