Uso wa Mama Mkwe

Katika darasa la kufinyanga sanamu ninalohudhuria Jumamosi hapa Richardson, kando ya Dallas, mwalimu alitusimulia maisha ya Mmarekani mmoja, mwanamke aliyechonga marumaru katika karne ya kumi na tisa. Kwao walimnyima nafasi ya kusomea viungo vya mwili kwa sababu ni mwanamke, akafunga safari hadi kwa madaktari wa mbali waliokubali kumfundisha. Alipopata sifa, wapinzani wakasema kazi si yake, ni ya wanaume aliowaajiri. Hakujifungia ndani kulia. Aliwajibu magazetini, akatishia kuwapeleka mahakamani.

Mimi ni nesi, viungo navijua. Lakini yale majibu ya magazetini yalinikaa moyoni, maana wiki hiyohiyo nilikuwa namalizia sanamu ya kichwa cha mama mkwe wangu kwa udongo. Alikuwa amefariki Kenya, nasi makaratasi yetu ya uhamiaji hayakuturuhusu kwenda kumzika, kwa hiyo kanisa letu la Dallas likaandaa ibada ya kumbukumbu ambapo sanamu hiyo ingefunuliwa.

Kijitabu cha ibada kilipotoka, nikasoma: “Sanamu ni kazi ya mwanawe.” Mwanawe ni mume wangu, mtu ambaye hata unga wa chapati hajawahi kuukanda.

“Si mimi na wewe ni kitu kimoja tu, babe?” akaniambia garini. “Mzee wa kanisa ameona inakaa poa mtoto aki-honour mamake. Please, usini-embarrass.”

Niliwaka. Kazini, dawa nikimpa mgonjwa naisaini mwenyewe, na nikikosea ni mimi ninayeulizwa.

Kanisani watu walimpa mkono, wakamsifu, naye akapokea. Sanamu ilikuwa mezani, imefunikwa leso. Kabla haijafunuliwa, mimi mkaza mwana nikaitwa niseme machache. Walitaka machozi.

Nikashika maikrofoni. “Mama alipopooza, kabla hatujaja huku, nilimwosha uso miaka miwili, asubuhi na jioni. Uso huo naujua kwa vidole, na sanamu hii nimeifinyanga mimi. Mwenye shaka asikie: sikio lake moja lilichanwa na hereni akiwa msichana. Mwanawe na atuambie ni lipi.”

Mzee wa kanisa akamgeukia mume wangu, na mume wangu akabaki kuikodolea macho ile leso.