Samahani Haikumtosha Shangazi

Golnar alianza kujifunza Kiajemi akiwa mtu mzima, mume ameshaondoka, kazi yake kukata vioo vya miwani huko Reseda, Los Angeles. Baba yake, mzee Hushang, alikuwa mzaliwa wa mji wa Yazd, Iran, lakini aliipiga marufuku lugha yake nyumbani mwaka ule Wamarekani walipotekwa Tehran na watoto wa shule wakamtemea Golnar mate. Mkewe Mmarekani hakuona hasara yoyote. Basi Golnar akakulia kwenye harusi na misiba ya Wairani akitabasamu tu. Akina mama walimfinya shavu, wakasema neno, wenzao wakacheka, naye akacheka pia, asijue kama anachekwa yeye.

Alijiunga na darasa la Jumapili nyuma ya duka la vitabu. Mwalimu wake, Bi Turan, akamwambia, "Tafuta mtu wa kupiga naye soga. Kitabu hakitakujibu." Mtu huyo akawa shangazi Mahrokh, dada wa pekee wa baba yake, aliyebaki Yazd. Wakawa wanapigiana simu za video.

Shangazi alikuwa na mdomo. "Nani kakufundisha hivyo? Unasema kama msoma taarifa ya habari! Legeza ulimi, mwanangu." Siku moja akauliza ghafla, "Baba yako mzima?"

"Mzima, shangazi."

"Aha. Nilidhani kafa. Walio hai huulizia wenzao."

Ndipo Golnar alipojua kisa. Bibi yake alipougua, alimlilia Hushang aje. Kila mara Hushang alisema Nouruzi ijayo, mwaka mpya wa Kiajemi, mpaka mama akafariki hajamwona. Mahrokh, kwa uchungu, akamwambia, "Usipige tena simu nyumba hii." Hushang akatii, miaka ikaenda.

Golnar alimkuta baba yake jikoni akiosha majani ya mchuzi. Akamsemesha Kiajemi. Mzee akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Shangazi anakulaumu, baba."

Mzee akakamua majani mpaka yakapondeka. "Mwambie naomba radhi," akasema, bado kwa Kiingereza.

Golnar alifurahi mno. Alimpigia shangazi palepale, akatafuta neno la Kiajemi, akapata lile alilofundishwa wiki ya kwanza. "Baba anasema samahani."

Uso wa shangazi ukabadilika. "Samahani? Hiyo ni ya mtu aliyenikanyaga sokoni! Mama yangu kafa analiita jina lake, ananitumia samahani?" Simu ikakatwa. Wiki nyingi hakuipokea tena.

"Umeingilia mambo usiyoyajua," mzee alifoka. "Hilo si neno la kuombea radhi ya msiba!"

"Ningelijuaje, baba? Angenifundisha nani?"

Mzee akatoka uani. Golnar alilia mbele ya sinki, na kwa muda akaacha kwenda darasani.

Sikukuu ya Nouruzi shangazi alipiga mwenyewe, kwa sababu mtoto wa ndugu haachwi bila salamu za mwaka mpya. Golnar alikuwa kwa baba yake. Akajikaza kumpa shangazi rambirambi ya msiba wa bibi aliyofundishwa na Bi Turan, akaiboronga katikati. Toka jikoni sauti ikamsahihisha, kwa Kiajemi. Hakuwa amewahi kumsikia baba yake akisema lugha ile ndani ya nyumba tangu utoto.

Shangazi akadakia, "Nani huyo anamharibu mtoto? Mama hakuwa akisema hivyo."

"Alisema hivyohivyo!" mzee akajibu, akitokea mlangoni na mikono inayochuruzika maji.

"Utajuaje? Ulikuwepo?"

Mzee akaegemea ukuta.

"Sikuwepo, Mahrokh," akasema.

Safari hii shangazi hakukata simu. Golnar aliishika ile simu juu mpaka mkono ukafa ganzi, wale wazee wawili wakitazamana nywele zilivyokuwa nyeupe.

Mpaka leo radhi haijatolewa. Golnar akiongea na Yazd, mzee husogeza kiti mahali sauti inapofika, na shangazi hupandisha yake apate kumsema vizuri. Mengine huyatupa haraka, kwa Kiajemi cha nyumbani kwao, na Golnar hayapati. Humtazama baba yake, humwona ameinamisha kichwa, wala yeye Golnar haombi atafsiriwe.