Mahindi ya Kula Niliyoyaita Mbegu

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Sisemi ni shetani. Pale mpakani Lunga Lunga nilikuwepo mimi na tamaa yangu.

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kuipa kila shehena nambari yake ya ushuru. Mahindi ya kula yana nambari yake, na ushuru wake ni mzito. Ya mbegu yana nyingine, ushuru wake mwepesi. Tajiri mmoja akaleta lori la mahindi ya kula kutoka nje, akaninong'oneza, "Andika mbegu, nawe utakula."

Nikaandika. Nikajiambia inayopunjwa ni serikali tu, nani atalia?

Loo! Tajiri alipoona karatasi zinasema mbegu, akashusha magunia kadhaa katika kijiji cha Jego, akayauza kwa bei ya mbegu.

Ijumaa nikaenda Jego na mke wangu kumwamkia mamake, mjane anayekula alicholima. Nikamkuta uani, yale mahindi yamo kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie, wewe ndiye mjuzi. Hii ni mbegu kweli? Mbona haina ile rangi ya dawa?"

Ningesema siyo, ningemwokoa. Lakini angeuliza nimejuaje, na mke wangu alikuwa papo hapo akisikiliza.

"Ni mbegu, mama. Nimeipitisha mwenyewe."

"Alhamdulillahi. Ukisema wewe, yatosha."

Akapanda shamba zima. Kumbe mahindi yale yalikaushwa kwa moto wa mashine, moto unaoua kiini cha punje! Yaliota machache, manyonge, mengine yakaozea udongoni. Alipotambua kuwa hayaoti, mvua ilikuwa imeshapita.

Sasa anakula unga wa dukani, nami ndiye ninayempelekea. Tena ananishukuru! Majirani walipomwambia ameuziwa mahindi ya kula, aliwafokea: "Mkwe wangu hawezi kunidanganya. Ardhi ndiyo iliyochoka."

Wallahi, afadhali angenitukana.

Enyi wenzangu wa mipakani, msijidanganye kwamba nambari ni nambari tu. Gunia mkishalibandika jina la uongo, hamjui litafunguliwa uani kwa nani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia ukweni.

Jana mama alinipigia simu. Masika yanakaribia.

"Mwanangu, safari hii niletee mbegu wewe mwenyewe. Ninayemwamini ni wewe."

Nikamjibu, "Inshallah, mama." Hata hapo sikumwambia.