Mti wa Madoa Nisioweza Kuutaja Jina

Siku yangu ya kwanza kwenye kitalu cha miti, huku ugenini, upande wa Minto, nilivaa viatu vya mume wangu, maana vyangu vilikuwa vya kanisani. Shefu wa vipandikizi, mkubwa wangu Bi Margaret, alivitazama, hakucheka, akaniletea buti. Mimi nilisoma hadi darasa la tatu kule Fizi, basi majina ya miti niliyashika kwa masikio.

Ninyi vijana wetu mnaofanya kazi kwenye maghala ya Wetherill Park, mashine inawaambia kila kitu kinaitwaje. Sisi tulikuwa na kibao cha plastiki kilichofungwa kwa waya. Bila kibao, mti hauna ukoo.

Bi Margaret alinifundisha kubandika jicho. Unachonga jicho la tawi, pale chipukizi linapotokea, pamoja na ganda lake, unalitia kwenye mpasuko wa shina lingine lenye mizizi ya nguvu, unafunga kwa utepe.

Tulikuwa na miti ya elm, miti ya Ulaya, jani lina meno na kitako chake kimepinda upande. Safu mbili zilikuwa na majani ya madoa meupe. Moja ilikuwa ya kawaida. Nyingine ilikuwa miche mitatu tu ya aina ya zamani, ambayo hatukujua kitalu kingine kilicho nayo, na mti mama ulikuwa umekauka kwa ukame. Kwa macho safu hizo zilifanana. Kilichozitofautisha ni vibao.

Mti wa madoa hupenda kurudi kijani. Kila kiangazi unapita na mkasi kuondoa matawi ya kijani, yasije yakameza mengine. Asubuhi moja Bi Margaret alinituma peke yangu, akasema niondoe matawi mabaya. Mimi nimekulia kwenye mihogo. Kwetu jani la muhogo likitoka mabaka ni ugonjwa, unaondoa mbio kabla shamba halijaisha. Nikakata kila tawi lenye madoa, safu zote mbili, nikarundika kwenye toroli moja. Kazi safi kabisa.

Bi Margaret alipofika alikaa chini, pale kwenye udongo. Nikamweleza habari ya mihogo kwa mikono na Kiingereza changu kibovu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kosa ni lake, hakunionyesha. Tukachambua toroli, matawi yameshanyauka, tukabandika macho kumi na mawili. Moja tu lilishika. Ile miche yenyewe ikachipua kijani tupu.

"Hili ni la safu gani?" nikamwuliza.

"La zamani," akasema, akaandika kibao, ingawa toroli ilichanganya safu zote mbili. Halafu akanitazama. "Mwenye kitalu akiuliza, sema ulikata matawi ya kijani tu. Esteri, una watoto wanne."

Nikaitunza siri hiyo. Mti ukakua kunipita. Bi Margaret akafariki, mimi nikastaafu kwa sababu ya magoti.

Mwaka huu akaja Neema, binti wa Kitanzania anayesomea mimea chuo kikuu cha hapa Kensington, kuuchunguza ule mti. Bi Susan, mwenye kitalu wa sasa, anataka itangazwe kwamba ile aina ya zamani iliyopotea imepatikana. Vipimo havikutoa jibu, kwa kuwa hakuna jani la hakika la kulinganisha. Kimebaki kibao, na mimi.

"Shikamoo, bibi. Wanasema hujasahau kitu."

"Marahaba. Ndiyo shida yangu."

Nikamweleza yote. Akasema, "Bibi, nikiandika hivi, jina linaondoka kwenye mti. Na Bi Margaret ataonekana mwongo."

Hilo ndilo lililonifunga mdomo miaka yote. Yule mama alilinda mkate wa watoto wangu.

"Andika kwamba aliyekata ni mimi," nikamwambia. "Na andika alidanganya kwa ajili ya nani."

Wiki iliyopita Bi Susan alinipeleka kuuona mti. Hakunigombeza. Kibao kipya kinasema ni elm ya madoa, asili haijulikani. Nililishika jani. Labda nilishika la mwisho duniani, labda la kawaida tu. Bi Susan akaniuliza kama sijutii kusema.

Nilimwambia ninachojutia ni ile toroli. Lakini kama ule wa zamani umebaki mahali, kwenye ua wa mtu fulani, sasa kuna watu watakaoendelea kuutafuta. Kibao chetu cha kwanza kingewaambia waache.