Teresia, Mtega Fuko

Miaka ishirini na mbili, fuko akiingia shamba lolote hapa kijijini kwetu Tarime, aliyeitwa ni mimi, Machage. Kisha akaja huyu Teresia, mjane kutoka Natta, na simu yangu ikanyamaza.

Niseme ukweli, nilimwonea wivu mpaka ugali ukawa haushuki. Mwanamke mwenyewe mwembamba, haongei. Anafika shambani, anapiga magoti, anafukua, anatia mkono kwenye njia ya fuko kama anayepapasa unga. Halafu hategi! Analiacha shimo wazi, anaenda zake kuteka maji. Fuko hapendi mwanga wala upepo. Shimo likiwa wazi atarudi tu kuziba. Teresia akirudi anaangalia upande uliozibwa, anajua mnyama yuko wapi, ndipo anapinda fito na kuweka kitanzi. Mimi nilikuwa nabahatisha pande zote mbili. Ndiyo, nabahatisha, na miaka yote hiyo nilijiita fundi.

Mwezi uliopita fuko aliingia kwenye mihogo ya kikundi cha akina mama. Miti imesimama vizuri, ukiivuta inakuja mitupu, chini kumeliwa kwisha. Mwenyekiti wao, Agness, akasema atakayemnasa huyo ndiye ataitwa msimu mzima. Nikajaribu siku tatu, wapi! Wakamwita Teresia.

Akafukua, akaenda kisimani. Fuko huishi peke yake, akikutana na mwenzake ni kuumana. Hapo mimi namwelewa kabisa. Nikachungulia huku na huku, nikaufungua upande ambao fuko alikuwa ameshaziba, nikaliziba shimo upande usio wake. Nikakanyaga vizuri. Atege huko mpaka achoke, nikajisemea.

Akina mama wamejaa, na mimi nimo, nimekunja mikono. Teresia akarudi, akainama, akaupapasa udongo huku na huku. Nikafurahi jamani, acha tu.

"Mama Mwenyekiti," akasema, "fuko husukuma udongo kutoka ndani. Huu umeshindiliwa kutoka juu." Akapangusa kidogo. "Tena huyu fuko wenu amevaa katambuga za tairi."

Macho yote yakashuka miguuni. Akina mama wote walikuwa na ndala. Lo! Walicheka mpaka Agness akakaa chini.

Teresia hakucheka. Akafukua upya, akaninyooshea jembe lake.

"Shikamoo, mzee. Nishikie hili, niweke kitanzi."

Nikalishika.