Vidole vinne kwenye bampa

Shemeji yangu haamini maji. Ya bomba kwake ni mtuhumiwa, ya mvua ni mshirika wake, na hata maji ya betri anayonunua dukani kuchanganyia dawa yake huyainua kwanza kwenye mwanga kama mtu anayekagua yai. Ni kazi iliyomfanya hivyo. Anapuliza kromu kwenye vipande vya magari ya zamani: bampa, fremu za taa, kofia za magurudumu, vitu vilivyoliwa na kutu mpaka mwenyewe anaona aibu kuviangalia. Watu wamempa jina la Kioo. Amemuoa dada yangu, kwa hiyo mimi sina pa kukimbilia.

Tunagawana ua. Mimi nanyoosha bati upande huu, yeye anapuliza upande ule, katika chumba kilichokuwa jiko la mama yake, na hewa tunaivuta kutoka kompresa moja, ambayo ni yangu. Mimi nikigonga nyundo mtaa mzima unajua kuna kazi. Yeye yuko kimya ndani, kavaa ovaroli nyeupe na barakoa, sakafu kailowesha ili vumbi lisiruke. Vidole vyake vina madoa meusi ya dawa ya fedha, yasiyotoka kwa sabuni wala kwa dua. Majirani wapya hudhani anatengeneza hela bandia, na mimi sijawahi kuwakatalia. Chumbani kwake haingii mtu, hata dada yangu. Chakula anapewa mlangoni kama mfungwa.

Kwa haki ya Mungu, kazi yake ni nzuri. Kipande hupigwa msasa, kisha hupakwa rangi nyeusi inayong'aa. Ikishakauka ndipo anapuliza ile dawa, na weusi unageuka kioo mbele ya macho yako. Mwisho anakifunika kwa vanishi. Taabu ni kwamba kosa lolote kwenye rangi nyeusi halionekani mpaka fedha ikae juu yake, na hapo umeshachelewa.

Basi akaja mwalimu mmoja mstaafu na bampa la gari lake, gari alilolifufua kipande kwa kipande tangu aache kufundisha. Nikalinyoosha, nikampa Kioo. Alipolipuliza, kwenye kona ya kushoto ikatokea alama ya vidole vinne, yenye ukungu, kama mtu aliyefuta dirisha kwa mkono. Akalikwangua, akaanza upya. Vidole vikarudi.

"Shemeji, nani anaingia chumbani kwangu?" akaniuliza.

"Labda vumbi."

"Vumbi halina vidole."

Akanunua kufuli kubwa la kutisha. Akapaka, akafunga, akapuliza. Vidole hivyo hapo. Nikiwa nimeinamia mlango wa pikapu, nikaona kivuli chake juu yangu.

"Hebu nyoosha mkono."

Nikaunyoosha, nikidhani ananipa kitu. Kumbe anakagua kiganja changu, mbele ya wateja!

"Unanishuku mimi?"

"Sijasema. Ila kufuli kwa fundi bati ni kitu gani?"

Niliumia, sitaficha. Nikamwambia Jumamosi naihamisha kompresa yangu, yeye atapuliza kwa mdomo. Dada yangu akatokea kwenye ngazi, akasema, "Nyie wawili mmenichosha, mmoja mwoga wa vumbi, mwingine mwoga wa maneno," akarudi zake ndani. Alijua, na mimi nilijua, kwamba bila hewa yangu Kioo hana kazi, na bila kromu yake nusu ya wateja wangu hawana sababu ya kuja. Hasira hasara, lakini hasara ile nilikuwa tayari kuibeba. Nikaanza hata kumshuku anayenishuku: huenda anajiwekea alama mwenyewe apate sababu ya kuniondoa.

Alhamisi mchana akatangaza kwa sauti ya mnadani kwamba anakwenda kununua maji ya betri. Mtu anayekwenda dukani kweli hatangazi. Nikaweka nyundo chini, nikanyata mpaka dirisha la pembeni. Ndani, chini ya pazia la plastiki, zilionekana buti mbili nyeupe. Mjinga kajificha anikamate! Nami nikabana hapo dirishani nimkamate yeye. Watu wazima na ndevu zetu, kila mmoja kazuia pumzi.

Mlango uliofunguka ni ule wa ndani, unaotoka nyumbani, ambao hakuna aliyeukumbuka wakati wa kununua kufuli. Akaingia mama yake. Macho yake yalikwisha zamani, anatembea kwa kupapasa ukuta, na mikono ilikuwa inang'aa mafuta ya mgando anayojipaka kila akinawa. Akalifikia bampa, lililokuwa limepakwa nyeusi upya, akalipitishia vidole vinne taratibu mpaka kwenye kona, akatabasamu.

Pazia likatikisika. "Mama! Kumbe ni wewe?"

Hakushtuka. "Si ulisema umekwenda kununua maji?"

"Mama, unafanya nini humu?"

"Kila siku nasikia watu wanasema, loo, unajiona mpaka kope. Mimi sijioni, mwanangu. Nikasema basi na mimi nishike."

Kioo alikuwa amekagua viganja vya ua mzima, akamruka mtu mmoja.

Kwangu hakuja. Hata samahani hakuomba. Ijumaa alipita mbele yangu kama upepo, akaenda kumwekea mama yake mapajani kofia ya gurudumu iliyokamilika, fedha na vanishi.

Mama akaipapasa. "Hii siyo."

"Ndiyo yenyewe, mama. Inang'aa."

"Usinidanganye. Ile ilikuwa laini kuliko hii."

Hapo nikajua shaka zake alizinyonya wapi.

Jumamosi asubuhi nikachukua spana, nikaenda kufungua bomba la kompresa. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, jambo ambalo sijapata kuliona. Bampa la mwalimu lilikuwa juu ya meza, jeusi, limekauka, linasubiri fedha tu, na mwenyewe angelifuata jioni. Kioo alikuwa amemshika mama yake mkono.

"Shika, mama. Pole pole, mpaka mwisho."

"Haliharibiki?"

"Litaharibika. Nitaanza upya."

"Na mwenyewe?"

"Mwalimu atanisubiri."

Mama akalishika lote, kutoka kona hadi kona, bila haraka. Nilisimama mlangoni na spana yangu.

"Shemeji," Kioo akasema bila kugeuka, "funga mlango, vumbi linaingia."

Nikaingia, nikaufunga nyuma yangu.