Mnong'onezi na Baba Wawili wa Jukwaani

Siku yangu ya kwanza katika ukumbi mdogo wa tamthilia karibu na uwanja wa Flagey, huku ughaibuni, mwongozaji aliniketisha nyuma ya pazia na kuniambia kwa Kifaransa, "Madame, ukichelewa, mtu anakufa mbele ya watu." Nilicheka. Yeye hakucheka. Kazi yangu ilikuwa unong'onezi: kufuata maandishi na kumrushia mwigizaji neno alilosahau. Moja tu. Ukimpa mawili, watazamaji wanasikia.

Miaka mingi baadaye tuliigiza tamthilia ya Mmarekani mmoja mzee, juu ya baba aliyewatisha wanawe hata mezani. Msimu uliofuata mwongozaji mpya, mwanamke mkali, alileta tamthilia ya Mmarekani kijana aliyejifunza kuandika kwa kumsoma yule mzee. Humo pia mlikuwa na baba, meza, na ukimya mrefu. Baba wote wawili waliigizwa na Anselme, tuliyemwita tonton, yaani mjomba, mtu wa Lubumbashi kama mimi.

"Maman Régine, mi naogopa," aliniambia. "Bale ba papa bawili banaongeaka sauti moja. Donc siku moja nitapotea." Yaani, kwa kuwa wale baba wawili walisema kwa sauti moja, aliogopa kuchanganya maneno yao.

Alipotea Jumapili mchana, mwandishi kijana akiwa safu ya mbele. Tulikuwa tukiigiza tamthilia yake, na Anselme alipaswa kumwambia mwanawe wa jukwaani, "Ondoka." Akasema, "Kaa, ule." Yalikuwa maneno ya tamthilia ya mzee. Mwana akaduwaa, kisha akaketi, akachukua mkate. Hapo Anselme akatambua alipo. Akageuza macho kwenye pazia langu. Nilinong'ona, sauti haikutoka. Nikarudia: "Ondoka."

Akalisema, polepole, mkate ukiwa bado mdomoni mwa mwanawe. Ukumbini mtu aliguna kwa uchungu.

Baada ya onyesho mwandishi alikuja nyuma. Tulisimama kama washtakiwa. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Yale ni maneno ya mwalimu wangu," alisema.

"Niliogopa, monsieur," Anselme akajibu.

"Mimi pia. Niliandika 'Ondoka' ili watu wasimsikie yeye ndani yangu." Akavaa koti. "Tafadhali, msirudie."

Hatukurudia. Lakini tangu siku ile, kabla ya kusema "Ondoka," Anselme alimvutia mwanawe kiti, kana kwamba bado anamwambia akae. Mwongozaji aliona, akakiacha kiti pale pale.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, pembezoni mwa jiji lile lile. Vijana wa kazi hii huniuliza kama hofu huisha. Haiishi. Nikienda ukumbini kama mtazamaji, mwigizaji akinyamaza kidogo tu, midomo yangu huanza kulitafuta neno lake.